Kuweka katiba mbili kwenye jedwali sio kulinganisha

SWALI: Mhariri shikamoo. Naandika tasnifu ya masta ya sheria, nalinganisha katiba ya India na ya Kenya, msimamizi kanirudishia anasema nimenakili vifungu tu. Nakwama wapi?

JIBU: Marahaba. Msimamizi yuko sahihi bwana. Anza na tatizo moja, mfano bunge linaweza kubadilisha katiba mpaka wapi? India mwaka 1973, kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 13 waligawana 7 kwa 6, wakasema bunge libadilishe ila lisivunje muundo msingi, yaani nguzo kuu za katiba yenyewe. Kenya kwenye kesi ya BBI (Building Bridges Initiative, mpango wa kurekebisha katiba), Mahakama Kuu na ya Rufaa zikaibeba hoja hiyo 2021, halafu 2022 Mahakama ya Juu ikaikataa, na sababu ndo utamu wenyewe, kwamba katiba ya 2010 ina njia zake za marekebisho na kuna mambo hayapiti bila kura ya maoni, wakati India kura ya maoni haimo kabisa kwenye utaratibu wao. Hapo ndo pa kuchimba. Soma hukumu zenyewe, hata za majaji waliopinga (wengi wanaziruka, sijui kwa nini). Ujerumani nayo ina kifungu cha 79 kinachokataza mabadiliko fulani moja kwa moja, ila usiiongeze, mbili zinakutosha.