Jibu: RX 580 kwenye OptiPlex 7010 ndogo

Mambo mkuu. Umesema una kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ile ndogo, RAM GB 8, na umeona kadi ya picha ya RX 580 kwa bei poa ucheze gemu la GTA V. Shika hela kwanza.

Fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai. Hiyo ndogo huja na wati 240, na haina waya wa kulisha kadi. RX 580 peke yake inakula wati 185 na inataka plagi ya pini 8. Halafu kwa kimo chake kifuniko hakifungi!

Tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi, mfuko ukibana 1050 Ti ya aina hiyo hiyo. Zinatosheka na wati 75 za kwenye sloti, pale kadi inapochomekwa. Ikague kabla hujalipa: zipo 1650 zenye tundu la pini 6, hizo achana nazo, waya wake huna. Dai na bamba fupi la nyuma la kuifungia kadi kwenye kasha, maana kwenye kadi za mtumba mara nyingi halipo, na bila hilo kadi inaning'inia.

Chenji ikibaki, ongeza kijiti cha pili cha RAM, aina ya DDR3, GB 8. Taa za rangi sahau.

Prosesa hujataja. Ni i3 au i5?