Zumari ya mpingo kwenda Ujerumani: kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini)?

Kwa zumari iliyokwisha kamilika, hapana, huhitaji. Mpingo uliingia Kiambatisho cha Pili cha CITES, yaani orodha ya viumbe vinavyovuka mipaka kwa kibali, tangu Januari 2017 pamoja na jamii yake yote ya miti, Dalbergia, na hapo ndipo watu wanapokwama. Novemba 2019 sharti lililegezwa: ala za muziki zilizokamilika, pamoja na vipuri na vifaa vyake vilivyokamilika, zilitolewa kwenye orodha.

Ila kipande ghafi ni habari nyingine. Vile vigogo vidogo tunavyovikata hapa Lindi, ncha zimepakwa nta visipasuke, bado ni mbao. Vinadai kibali cha CITES, juu ya hati za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) za kusafirishia. Tafadhali usiviandike "vipuri vya zumari" kwenye fomu, vitakamatwa, na wanakijiji wa Kilwa wanaovuna mpingo wao kihalali ndio watakaotiliwa shaka.

Sehemu yoyote ya ala ikiwa ya pembe ya ndovu, au ni gitaa la Dalbergia nigra ya Brazili, msamaha huo haukuhusu. Waulize pia forodha ya huko inakokwenda, nchi inaweza kuweka masharti makali zaidi.