Mama wa miaka 54 kijijini: kipimo cha siki au cha HPV?

Dada umeuliza kuhusu mamako wa Kinango: ana miaka 54, hedhi imekoma, hajawahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na zahanati ya karibu itakuwa na kambi ya kipimo cha siki, yaani mlango wa kizazi hupakwa siki na penye shida hugeuka peupe. Wewe na wadogo zako nendeni. Yeye mtafutieni kipimo cha HPV, virusi vya kuambukizana kwa ngono vinavyosababisha saratani hii.

Saratani hii kwa kawaida huanzia pale ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inapokutana na ile laini ya ndani. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, mpaka huo mara nyingi huonekana. Hedhi ikikoma, huingia ndani ya mfereji, na siki haionyeshi kisichoonekana. Nesi asipoliangalia hilo ataandika "hakuna kitu", na mama atarudi kwake ametulia bure.

Kwa mwenye miaka 30 hadi 49 (au kuanzia 25 kama anaishi na HIV) siki inafaa, ikifanywa sawasawa. Ute hupanguswa kwanza, hupakwa asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5, kisha husubiriwa dakika nzima. Hapo ndipo kambi huharibu: foleni ndefu, dakika inakuwa sekunde 20, taa yenyewe ni tochi ya simu. Kinachotafutwa ni weupe mzito, wenye kingo wazi, uliogusa ule mpaka. Weupe hafifu uliotapakaa huweza kuwa maambukizi ya kawaida tu.

Ulizeni kabla ya siku yenyewe: mnatibu hapa hapa au mnaandika rufaa? Penye mashine ya kuchoma kwa joto sehemu iliyoonyesha shida, panapofaa hutibiwa siku hiyo hiyo. Rufaa ya Coast General, hospitali kubwa ya Mombasa, ni nauli mpaka Likoni, feri, na siku nzima bila kibarua. Wengi huishia njiani. Mwanamke akichomwa, atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na hatalala na mumewe wiki 4, kwa hivyo bwana aelezwe mapema.

Sasa mama. Kipimo cha HPV anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia, na hili huwaondolea haya watu wazima wengi. Anawe mikono, achuchumae au ainue mguu mmoja, aingize kijiti polepole ukeni mpaka kigote, akizungushe kwa sekunde 10 hadi 30, kisha akitie moja kwa moja kwenye chupa. Ncha isiguse leso wala kidole. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa moja, lakini sampuli ya zahanati husafirishwa kwanza. Andikisheni namba ya simu inayopatikana, si ya jirani.

Likija chanya, hiyo si saratani, bali ni sababu ya kuchunguzwa zaidi. Wala si ushahidi kwamba mzee ametoka nje juzi: virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Semeni hili kabla ya majibu. Yakishatoka, hakuna anayesikiliza.

Na kama ametokwa na damu hata tone tangu hedhi ikome, msingoje kambi wala kijiti. Mpelekeni kwa daktari wa wanawake achunguzwe, na ikibidi akatwe kinyama kipimwe, hata kama HPV ni hasi.