Paka Aitwaye Nyapara: Namna Nilivyojifunza Kuuliza Historia ya Ukoo

Bibi yangu mzaa mama ana paka wa kijivu anayeitwa Nyapara. Kwa miaka mitano nililisikia jina hilo kila nilipokwenda kumtembelea Tanga, na sikuwahi kuuliza lilitoka wapi, kwa sababu nilikuwa na daftari mkononi na maswali niliyoyaona kuwa ya maana zaidi: alizaliwa lini, baba yake alikuwa nani, ukoo ulianzia wapi. Majibu niliyoyapata yalikuwa mafupi na ya adabu. "Tumezaliwa huku huku shambani," alisema, au, "Wazee wetu walitoka bara," kisha akaniuliza kama nimekula. Alfajiri moja ya mwezi wa Desemba Nyapara aliingia jikoni, akapita kwenye kila sufuria akinusa, akaketi mlangoni na kuwakodolea macho watoto waliokuwa bado wamelala mkekani. Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Haya, amkeni," akasema, "mwenye vipande amefika!" Safari hiyo niliuliza vipande gani, na jibu lake lilichukua asubuhi nzima.

Baba yake alikuwa manamba, yaani kibarua aliyeandikishwa mbali na kuletwa kwenye mashamba ya mkonge, na jina hilo lilitokana na namba waliyopewa vibarua wa namna hiyo. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Mtu ambaye hakumaliza kazi aliyopimiwa siku hiyo hakuandikiwa siku, hata kama alishinda shambani juani tangu alfajiri. Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, ndiye aliyepita kambini kabla ya jua kuchomoza kuwaamsha watu, na ndiye aliyesema nani amemaliza na nani hakumaliza. Nilikuwa nimeyasoma mambo hayo shuleni katika mistari miwili au mitatu, nikafaulu mtihani, na sikujua kuwa yalikuwa yakinihusu. Yalikuwa yamekaa miaka yote hiyo katika jina la paka.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuijua historia ya watu wake ni kwamba aliweke daftari kando kwa muda, akae na wazee wake katika shughuli za kawaida, na aangalie ni kitu gani kinachowachekesha. Kicheko cha mzee hakitoki hewani. Anapocheka kuliko jambo lenyewe linavyostahili, mara nyingi amekumbuka jambo jingine ambalo wewe hulioni, na swali dogo linaloulizwa wakati huo huo, kama vile "Umekumbuka nini, Bibi?", hufanya kazi ambayo orodha ya maswali ishirini haiwezi kuifanya. Majina ya wanyama wa nyumbani ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa watu wetu huwapa mbwa na paka majina yanayobeba ujumbe, wakati mwingine kwa jirani na wakati mwingine kwa jambo lililopita, kama kanga zinavyobeba misemo. Ukikuta mbwa anaitwa Tabu au Wivu, uliza.

Tunayo pia njia iliyotengenezwa na wazee wetu wenyewe, nayo ni utani baina ya mjukuu na babu au bibi. Bibi huniita mume wangu, na hunilaumu mbele za watu kwamba nimemtelekeza nikaenda kuoa Dar es Salaam. Mama yangu hawezi kumwuliza Bibi kwa nini aliachana na mume wake wa kwanza, kwa sababu heshima ya mtoto kwa mzazi inamzuia, lakini mimi naweza kumwuliza kama mume mwenye wivu, naye akanijibu huku akicheka, na ndani ya jibu hilo nikapata jina la kijiji, sababu ya ugomvi na idadi ya miaka waliyoishi pamoja. Kama bado unao bibi na babu, itumie nafasi hiyo wewe mwenyewe na usiwaachie wazazi wako kazi hiyo, kwani wao hawana ruhusa uliyo nayo wewe.

Sinema nayo imenisaidia kwa jambo ambalo familia nyingi hushindwa nalo, yaani miaka. Jioni moja televisheni ilionyesha Sholay, filamu ya Kihindi iliyoanza kuonyeshwa huko India tarehe 15 Agosti 1975. Bibi hatazami sinema kimya. Humwonya mhusika kwamba nyuma yake kuna mtu, humkaripia mwongo, na hufunika uso kwa upande wa kanga yake kabla bunduki hazijalia. Usiku huo alitueleza kila kitakachotokea kabla hakijatokea, na watoto walipomshangaa alisema kuwa aliiona mjini Tanga, katika jumba la sinema, akiwa na mimba ya mjomba wangu, na kwamba kila risasi iliyolia mtoto alirusha teke. Mjomba alikuwapo sebuleni, na vyeti vyake vyote vinasema alizaliwa mwaka 1973, mwaka aliokadiriwa alipokuwa akiandikishwa shule. Alisimama, akahesabu kwa vidole, akatangaza kwamba kuanzia usiku huo yeye si mkubwa tena kwa mke wake. Hatujawahi kumwona akifurahi kiasi hicho.

Hapo inahitajika hadhari. Filamu hukupa mwanzo tu wa muda, kwa kuwa mkanda ulichukua muda kusafiri kutoka India hadi huku, na kisha uliweza kurudiwa kwa miaka kadhaa. Tulijua kwamba mjomba hakuzaliwa kabla ya Agosti 1975, lakini hatukuujua mwaka wenyewe. Kwa hiyo tulitafuta upande wa pili, na Bibi akakumbuka kwamba askari walipokuwa wakienda vitani Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, mjomba alikuwa tayari akitembea na aliwapungia mkono. Ukiwa na matukio mawili ya namna hiyo, moja la mbele na moja la nyuma, unaweza kuandika makadirio bila kumsingizia mtu mwaka. Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha la Februari 1967 na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 hufaa sana kwa kazi hii, kwa sababu watu huyakumbuka pamoja na umri wa mtoto waliyekuwa wamembeba.

Lazima nieleze pia kosa lililofanyika nyumbani kwetu, kwa sababu lilituumiza. Usiku ule wa sinema mmoja wa binamu zangu alimrekodi Bibi kwa siri alipokuwa akimwonya mwigizaji, akaituma video hiyo kwenye kundi la ukoo, na watu ambao hawakuwapo wakaandika maneno ya kumcheka. Kucheka pamoja na mzee na kumcheka mzee ni mambo mawili. Bibi alipoonyeshwa alisema tu, "Kumbe mimi ni sinema," akaingia chumbani, na kwa siku mbili hakutusimulia chochote. Tulikwenda kumwomba radhi, binamu akaifuta ile video mbele yake, na tangu hapo tunamwomba ruhusa mara mbili: kwanza kabla ya kuwasha simu, na tena kabla ya kumsikilizisha mtu mwingine. Mara nyingi hukubali ya kwanza na kuikataa ya pili, na tunaliheshimu neno lake.

Vilevile, kicheko kikikatika ghafla, usiendelee kuuliza. Siku moja alipokuwa akiigiza sauti ya mganga wa kambi alimtaja mdogo wake wa kike, akanyamaza. Sikusema kitu, nilikwenda kuchota maji. Siku ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba mtoto huyo alifia pale kambini kwa homa, na akaniambia nimwandike, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwandika.

Lililobaki ni mchezo wa watoto. Usiku, umeme unapokatika, Bibi hutega vitendawili, na watoto wakishindwa yeye husema, "Nipeni mji." Walimpa Mombasa akaikubali, wakampa Zanzibar akaenda akala urojo na kurudi. Walipompa Kigoma aliikataa. "Hiyo siichukui," alisema huku akicheka, "baba yangu aliiacha kwa gari moshi, mimi niirudie kwa kitendawili?" Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba yake Bibi alikuwa Muha, mtu wa Buha huko Kigoma, baada ya miaka mitano ya kuambiwa "bara".

Tangu hapo nami hutunga chemsha bongo kutokana na ninayoyasoma, kwa sababu nimeona kwamba mzee hupenda naye apewe kitu badala ya kuulizwa tu. Mwaka jana niliwauliza watoto ni miche mingapi ya mkonge iliyofika salama nchini mara ya kwanza. Walitaja maelfu. Niliwaambia kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Watoto walibishana, lakini Bibi alinyamaza, akaanza kuhesabu kitu kimoyomoyo, kisha akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Sitini na mbili," akasema. "Sitini na mbili ndiyo iliyomtoa baba yangu Buha!"

Rekodi ya usiku huo ninayo, kwa ruhusa yake, na nakala nyingine iko kwa dada yangu, pamoja na tarehe, mahali na majina ya waliokuwapo. Ninawaomba wanaorekodi wasifanye kosa la kukata sehemu zinazoonekana hazina maana, kama kikohozi, kelele za watoto au mlio wa paka. Katika yetu Nyapara analia dakika ya nne, na mpwa wangu mwenye umri wa miaka sita hutaka kusikia mahali hapo kila anapokuja kwangu. Anapousubiri mlio huo humsikiliza Bibi akianza kueleza habari za gari moshi, na mlio ukishapita hubaki ameketi pale pale, kwa sababu anataka kujua kama lilifika.