Dakika 16 za Uani: Mazoezi Makali kwa Mtu Asiye na Muda

Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini Tanga, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba ratiba yake haitabiriki. Meli ikitia nanga, makaratasi hayasubiri. Mteja hupiga simu kabla hujamaliza chai, na zipo siku ninazorudi nyumbani Ngamiani saa 2 usiku nikiwa nimeshinda kitini, isipokuwa nilipoinuka kuswali na kula. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nitafanya mazoezi nikipata nafasi. Niliwahi hata kulipa ada ya miezi 3 katika ukumbi wa mazoezi, nikahudhuria mara 5, na hiyo ya tano nilifuata kandambili nilizozisahau.

Nilipokuwa na umri wa miaka 41 nilipanda ngazi za jengo la ghorofa 3 nikiwa nimekumbatia mafaili, na huko juu nikamkuta mzee ninayemheshimu sana. Shikamoo ilinikwama kooni. Nilisimama mbele yake nikihema, mkono kifuani, mpaka yeye ndiye akaanza kuniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Aibu ya kushindwa kumwamkia mtu mzima kwa sababu ya ngazi ndiyo iliyonifanya nitafute njia ambayo mtu mwenye siku kama yangu angeweza kudumu nayo.

Nilianza vibaya. Nilijitengea dakika 10 kila asubuhi, nikawa nanyoosha mikono, nainama mara chache na kuzunguka ua kwa mwendo wa mtu anayetafuta ufunguo. Baada ya miezi 3 ngazi zilikuwa zilezile na pumzi ileile. Kosa langu, ambalo nimeliona baadaye kwa wengi wanaoniomba ushauri, ni kwamba nilipunguza muda bila kupandisha ukali. Mtu anayetembea saa nzima taratibu anapata faida ya ile saa nzima. Anayetembea dakika 10 taratibu anapata faida ndogo, hata akiziita mazoezi ya kisasa. Muda ukipunguzwa, lazima ulipiwe kwa nguvu.

Jaribio linalotajwa sana katika jambo hili ni lile ambalo mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 1996. Kwa wiki 6, kundi moja la vijana waliozoea michezo lilipiga pedali za baiskeli ya mazoezi kwa mwendo wa wastani kwa dakika 60, siku 5 kwa wiki. Kundi la pili, kwa siku 4 za wiki, lilipiga pedali kwa nguvu za kupindukia kwa sekunde 20, likapumzika sekunde 10, na kurudia hivyo mara 7 au 8, yaani karibu dakika 4, mpaka miguu ikakataa. Siku ya tano walichanganya na mwendo wa wastani. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, lakini ni la pili tu lililoongeza pia uwezo wa kufanya kazi pale oksijeni inapokuwa haitoshi, kwa asilimia 28. Watu hushika zile dakika 4 na kuacha habari ya miguu kukataa.

Kwa sisi ambao si wanamichezo, linalofaa zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, lililochapishwa mwaka 2016 na kundi la Martin Gibala. Wanaume ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi walipiga pedali kwa nguvu zote kwa sekunde 20, mara 3 tu, na katikati wakaenda polepole kwa dakika 2. Pamoja na kupasha mwili na kupoa, zoezi zima lilikuwa la dakika 10, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa takriban asilimia 19, sawa na wenzao waliopiga pedali dakika 45 kwa mwendo wa wastani.

Sasa, utajuaje kwamba umefikia ukali unaotakiwa? Usiamini jasho. Hapa Tanga, kaskazi ikishika mwezi wa Januari, mtu hutoka jasho akiwa amekaa anapepewa, kwa sababu hewa imejaa unyevu na jasho halikauki upesi. Mimi hutumia majina ya kata zetu. Nikiweza kusema "Chumbageni, Makorora, Mabawa, Nguvumali" kwa pumzi moja, bado sijafanya kazi. Nikiishia Makorora na pumzi ikakatika, ndipo nilipotakiwa kuwa.

Utaratibu wangu ni huu. Baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka, natoka uani nikiwa nimeshaweka msuli pembeni na kuvaa kaptula (msuli ule wa kufunga kiunoni, maana hii mingine ndiyo ninayoitafuta). Dakika 4 za mwanzo napasha mwili: natembea, nazungusha mabega, nachuchumaa na kuinuka taratibu. Kisha naenda mizunguko 6, kila mmoja sekunde 30 za nguvu zote na sekunde 60 za kupumua huku nikitembea. Mizunguko 2 nakimbia papo hapo nilipo, magoti yakipanda hadi usawa wa kiuno; 2 nachuchumaa na kuinuka kwa kasi; 2 ni pushapu, ambazo mwanzoni nilizipigia kwenye ukingo wa karo la kufulia kwa kuwa chini sikuziweza. Namaliza kwa dakika 3 za kutembea mpaka moyo utulie. Jumla ni dakika 16. Zile sekunde 60 za kupumzika si za kuibwa, kwa kuwa ndizo zinazokuwezesha kuurudia ukali ambao usingeweza kuudumisha kwa dakika 3 mfululizo.

Hapo awali nilikuwa pia naruka. Asubuhi ya pili jirani yangu, bibi wa makamo anayeamka mapema kupika vitumbua vya kuuza, aliniita ng'ambo ya ukuta: "Mwanangu, unatwanga nini alfajiri yote hii?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ni mazoezi." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Basi yafanye kimya, unanimwagia unga." Nilichukia kidogo, lakini wiki moja baadaye goti la kushoto lilianza kuuma, na nikafahamu kwamba kuruka juu ya sakafu ya saruji bila viatu si jambo la mtu wa kilo 88. Kila zoezi la kuruka lina ndugu yake asiye na kishindo, mchague huyo.

Kosa jingine lililonigharimu zaidi lilikuwa kufanya kila siku. Nilipoanza kuona matokeo niliingiwa na tamaa, nikaunganisha siku 9, na ya kumi nikashindwa kupata usingizi, mapaja yamekaza, hasira karibu. Mazoezi makali yanahitaji siku ya kupumzika katikati. Sasa nafanya Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na siku nyingine baiskeli ya kwenda kazini inanitosha. Mji wetu ni wa baiskeli, na wengi tuko juu yake bila kuihesabu kuwa mazoezi. Nikikosa asubuhi, jioni huchukua barabara inayopita Hospitali ya Bombo kuelekea Raskazone, napiga pedali kwa nguvu sekunde 20 pasipo na magari, kisha polepole dakika 2, mara 3. Mwezi wa Ramadhani nafanya mara 2 kwa wiki, baada ya futari kushuka, na mizunguko 4 tu.

Kabla ya yote hayo, pima shinikizo la damu. Mwenye presha, kisukari au historia ya maumivu ya kifua, mjamzito, au mtu wa umri mkubwa aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha, azungumze na daktari kwanza, na aanze kwa kutembea haraka wiki kadhaa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija katikati ya mzunguko, acha hapohapo. Usijifanye unamalizia. Katika kaskazi niliwahi kufanya saa 10 jioni juani nikaishia kuinamia ndoo; tangu hapo ni alfajiri au baada ya jua kuzama, na maji hunywa kabla na baada.

Wiki za kukosa zitakuwepo. Mwezi uliopita meli 2 zilifuatana na sikufanya hata mara moja kwa siku 11. Niliporudi sikufidia, nilianza na mizunguko 4 badala ya 6, na pumzi ilikatikia palepale Makorora.