Kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya vali za mapafu

Nyumba yetu iko Mabatini, mjini Mwanza, juu kwenye miamba, na kutoka njiani hadi mlangoni kuna ngazi 41 za mawe. Nilizihesabu mwaka ule ambao baba alianza kuzipanda kwa vituo: anapanda kumi, anakaa, anapanda saba, anakaa, mwishowe tatu tu, kisha anashika magoti na kuvuta pumzi kwa mabega. Alivuta sigara tangu ujana wake na kubanika sangara kwa moshi wa kuni kwa miaka mingi, hivyo kipimo cha kupuliza na picha ya CT vilipoonyesha emfisema iliyokomaa, yaani ugonjwa wa kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu, hakuna aliyeshangaa.

Ndugu mmoja alitueleza habari za vali zinazowekwa ndani ya mapafu bila kupasua kifua, na wiki hiyohiyo tukaanza kumtafuta mnunuzi wa kiwanja cha Buswelu. Kwa yeyote aliye na mgonjwa wa namna hii, ninaomba asifanye haraka tuliyoifanya sisi.

Tiba yenyewe ni ya kweli. Marekani iliidhinisha vali za Zephyr, kisha za Spiration, mwaka 2018. Katika emfisema, kuta za vifuko vya hewa huharibika, hewa inayoingia hukwama, na sehemu iliyoharibika huvimba na kuibana ile iliyo nzima. Daktari hupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya hewa na kuweka vali chache zinazoruhusu hewa kutoka bila kuingia, ili sehemu hiyo isinyae na nyingine ipate nafasi. Haiponyi kilichokwisha kuharibika.

Jambo ambalo hatukuambiwa mapema ni kwamba kila pafu limegawanyika katika sehemu kubwa, na mpaka kati ya sehemu na sehemu ukiwa na mapengo, hewa hupenya kutoka sehemu jirani na vali hazisaidii kitu. Picha za baba zilipomfikia bingwa nje ya nchi, jibu lilikuwa hilo: mpaka haukukamilika. Tungeuza kiwanja, tukamsafirisha mzee asiyeweza kutembea hatua ishirini, ili kuambiwa maneno yaleyale. Hata anayefaa hukabiliwa na hatari ya pafu kutoboka na hewa kujaa kifuani. Hilo huwapata takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo hulazwa angalau siku tatu na haifai kukimbilia safari ya kurudi.

Kilichomsaidia baba ni kuacha sigara kabisa, jambo ambalo hata wanaoweka vali hulidai kwanza, na mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo: kutembea uani pale palipo tambarare, kupumzika kwenye kigoda, na kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Miezi minne baadaye alipanda ngazi zote kwa vituo viwili.

Mkienda kupiga CT, ombeni picha zote kwenye diski, wala msiridhike na karatasi ya majibu pekee, kwa sababu bingwa huukagua mpaka huo kipande kwa kipande, nanyi mtapata jibu mzee akiwa bado nyumbani kwake.