Godoro lenye jina: siku ya kununua vifaa vya bweni na mabinti wawili

Kama una mtoto anayekwenda bweni Januari hii, kabla hujashika pochi mtafute binti au kijana ambaye ameshalala bwenini walau mwaka mmoja, umpe ile fomu ya kujiunga na shule aisome akiwa na kalamu mkononi. Mimi mtu huyo nilikuwa naye ndani ya nyumba. Sikumuuliza mpaka saa nane mchana, wakati mdogo wake ameshatupotea mara moja na mimi nimeshanunua vitu vitatu ambavyo havikufaa.

Mkubwa wangu alikuwa anarudi shule kuanza kidato cha tatu. Mdogo alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, naye bweni, shule nyingine na mkoa mwingine. Waliopitia haya wanajua kalenda ilivyo: majina hutoka Desemba, shule hufunguliwa Januari, na katikati hapo kuna Krismasi, mwaka mpya na kodi ya nyumba. Tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali imeondolewa, na mimi ni mmoja wa wazazi waliopumua kwa hilo. Lakini godoro, tranka, ndoo, madaftari na sare bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Fomu ya mdogo ilikuwa na vitu 43. Nilivihesabu mara mbili usiku wa Ijumaa, nikaamua kuvimaliza vyote Jumamosi.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Ukiweza, gawa siku mbili. Vitu vya dukani vya kawaida, yaani sabuni, dawa ya meno, madaftari, rimu ya karatasi na mkebe wa hesabu, vinunue mtaani kwako jioni moja bila presha. Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, nenda kwa yale ambayo tofauti ya bei inalipa nauli na uchovu.

Tulitoka Kimara na basi la mwendokasi, tukashuka kituo cha Msimbazi saa mbili asubuhi. Jua la Januari lilikuwa limeshaanza kuchoma na njia zimeshajaa. Pesa nyingi niliiacha kwenye simu, na hilo nalisimamia mpaka leo: maduka mengi yana lipa namba, na kwa machinga unatoa kidogo kidogo kwa wakala. Ukitembea na pesa ya vifaa vyote kwenye pochi moja, mkono wako mmoja unakuwa umefungwa siku nzima.

Tulianza na godoro, futi 2.5 kwa 6, kama fomu ilivyosema. Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani. Nilipotaka kumwita kijana wa mkokoteni alinizuia. "Godoro halitembezwi sokoni, mwanangu. Lipia, andika jina la mtoto, uliache hapa. Utalipitia ukiwa unaondoka." Akatoa maka peni, na mdogo akaandika mwenyewe jina lake lote, herufi kubwa, pembeni mwa godoro. Nikachukua risiti tukaendelea. Sikujua kwamba huo ndio ushauri ambao ungeniokoa saa moja baadaye.

Mtaa wa Kongo siku kama ile hutembei, unasukumwa. Fomu ilitaka shuka za pinki pea mbili, na kila muuzaji alikuwa na pinki yake. Mkubwa alisogea kuangalia soksi nyeupe. Mdogo alikuwa nyuma yangu, au ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nimeshika ncha ya shuka nabishana juu ya elfu mbili, nikageuka kumuuliza kama rangi anaipenda. Hayupo.

Mama yeyote aliyewahi kusimama pale bila mtoto wake anajua mwili unavyofanya. Niliita jina lake, na sauti yangu ilimezwa na spika za wauzaji kabla haijafika hatua tatu. Niliona sare zinazoning'inia, nikaona vichwa, nikaona mabinti wa umri wake wengi kuliko nilivyowahi kuona maishani. Hatukuwa tumepanga tukipotezana tukutane wapi. Simu hana. Namba yangu nilikuwa sijamwandikia popote.

Mkubwa alinishika mkono. "Mama, ngoja. Tusizunguke. Atakuwa amerudi kwenye godoro."

Alikuwa amerudi kwenye godoro. Tulimkuta ameketi juu yake, kwenye ule upande wenye jina, ameshikilia chupa ya maji aliyopewa na yule mama wa ushungi. Hakuwa analia. Akaniambia, "Nilijua lazima mtakuja kulichukua." Mama wa watu akasema mtoto alifika akamwamkia shikamoo, akaonyesha jina, akasema godoro ni lake na anamsubiri mama yake. Nilimshika mwanangu na sikuweza kusema kitu.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda na watoto: kabla ya kingine chochote chagueni sehemu moja ya kukutania, duka lenye mtu aliyeziona sura zenu. Na namba yako ya simu iandike kwenye karatasi aiweke mfukoni, hata kama ana miaka 13 na anasema ameshaikariri. Hofu hufuta namba.

Baada ya hapo miguu ilikataa. Tukaketi kwa mama lishe mmoja, wali na maharage, na ndipo mkubwa akaivuta ile fomu mbele yangu. "Mama, naomba nikuambie ukweli wa hivi vitu." Akaanza kukata na kuongeza.

Ndoo kwanza. Fomu ilisema ndoo mbili, nami nilikuwa nimeshanunua mbili za lita 20 kwa sababu ni imara na bei ilikuwa nzuri. Akaniuliza mdogo ana kilo ngapi. Ana 36. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, zaidi ya nusu ya mtoto mwenyewe, na maji ya kuoga mara nyingi yanachotwa bombani alfajiri na kubebwa mpaka bafuni. Wanafunzi wadogo huishia kubeba nusu ndoo, au kumwomba dada wa kidato cha juu na kubaki na deni kwake. Tulirudi tukabadilisha moja, tukachukua ya lita 10 yenye mfuniko. Chagua yenye mfuniko wa kubana, kwa sababu maji yaliyochotwa usiku yanatakiwa yabaki masafi mpaka asubuhi.

Chandarua. Mimi nilichukua cha duara, kile tunachotundika nyumbani. Akatikisa kichwa. Bwenini wanalala dabo deka: wa chini hana mahali pa kutundikia duara, ana chaga za kitanda cha juu tu. Kinachotakiwa ni cha pembe nne, ununue na kamba nyembamba mita kadhaa, umfundishe kufunga fundo linalofunguka kwa urahisi. Muuzaji alikubali kubadilisha kwa sababu nilikuwa sijafungua pakiti. Usifungue pakiti yoyote sokoni kabla hujamaliza mahesabu yako.

Viatu nitapita haraka: vyeusi vya ngozi vya kamba, vipimwe na soksi, vipimwe mchana mguu ukiwa umeshatanuka, na kidole gumba kibaki na nafasi ya kukua. Soli iliyoshonwa hudumu kuliko ya gundi peke yake. Sketi zishonwe na pindo refu ndani ili mwakani ishushwe. Sahani ya plastiki nzito, kwa kuwa ya udongo haifiki wiki ya pili.

Alama ndiyo mkubwa aliisisitiza kuliko yote. Vitu vya bweni vinafanana: ndoo 100 za bluu, kandambili 100. Jina la maka peni kwenye plastiki hufutika kwa sabuni. Yeye na rafiki zake huchoma alama kwa msumari uliopashwa moto, na kwenye nguo hushona herufi mbili kwa uzi wa rangi upande wa ndani. Kufuli likija na funguo tatu, mmoja shingoni, mmoja kwa matroni, mmoja ubaki nyumbani na mzazi.

Kisha akafika kwenye mstari wa taulo za kike, pakiti 3, na mimi nikasema, "Hizo tutamnunulia Pasaka, huyu bado hajavunja ungo."

Mkubwa alinyamaza. Akamwangalia mdogo wake, akaangalia wali wake. "Mama, mimi nami nilikuwa bado."

Ilimkuta mwezi wake wa pili pale shuleni, kidato cha kwanza, usiku wakiwa prepo, yaani kujisomea darasani. Hakuwa na kitu. Bweni lilikuwa limefungwa mpaka prepo iishe, akakaa kwenye dawati mpaka wenzake wote walipotoka. Alikuwa na kanga yangu. Aliichukua kabatini siku ya kuondoka bila kuniambia, haijafuliwa, kwa sababu ilikuwa na harufu ya nyumbani, akawa anajifunika nayo usoni akilala. Usiku ule aliichana vipande. Hakuniandikia, hakumwambia matroni. Miaka miwili nzima mimi sikujua, na kanga ile niliitafuta mpaka nikaamini imeibwa kambani.

Sina namna ya kueleza nilivyojisikia pale kwenye benchi. Naomba tu, mama mwenzangu, na wewe baba unayelea mabinti peke yako, usisubiri. Mnunulie hata kama bado. Mweleze kabla hajaondoka, kwa maneno yanayoeleweka, nini kitatokea na afanye nini. Mfungie kifuko kidogo: pedi mbili, chupi mbili, kipande cha sabuni, mfuko wa kuwekea iliyotumika. Kifuko hicho kikae kwenye begi la darasani, maana mabweni mengi hufungwa saa za masomo na tranka lililojaa pedi halimsaidii aliyeko darasani. Pedi za kufua nazo ni nzuri na zinaokoa pesa mwaka mzima, ila uliza kwanza kama shuleni kuna maji ya uhakika na mahali pa kuzianika juani.

Bei inauma, nalisema wazi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa hapa kwetu Tanzania 2018, ikarudishwa 2019. Wenzetu Kenya waliifuta tangu 2004. Mzazi wa mabinti wawili anauona mwaka ule wa 2019 kila anapofika kaunta. Tulinunua za wote wawili, za muhula mzima, na kwa ajili hiyo traksuti mpya ya mkubwa ikaachwa. Yeye ndiye aliyesema iachwe.

Tranka tulilichukua mwisho, upande wa Gerezani kwa mafundi wanaogonga mabati. Fundi aliniambia Sh 65,000, tukamalizana kwa 52,000. Mdogo aliingiza kichwa ndani, dada yake akashusha kifuniko taratibu akimuuliza kama anaona mwanga. Palipoonekana mwanga ndipo maji ya mvua na panya hupita, kwa hiyo tulikataa mawili ya mwanzo. Angalia pia bawaba kama zimepigwa ribiti na siyo kuchomelewa kidogo tu, na uliinue kwa kishikio kimoja ukiwa umetia kitu kizito ndani. Tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tukapitia godoro. Yule mama wa ushungi alikataa nimlipe maji.

Jumapili usiku walipanga tranka wenyewe wakiwa chini sebuleni. Mkubwa aliandika orodha ya kila kitu na idadi yake, akaibandika kwa gundi ndani ya kifuniko ili siku ya kufunga shule mdogo ahesabu kabla ya kuondoka. Nilikuwa mlangoni nikimsikia akimweleza kengele ya alfajiri ilivyo, na kwamba wiki ya kwanza usiku ni mrefu halafu unafupika.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Kimoja ndicho kilichochanwa. Mwenzake alikuwa bado kabatini kwangu, nilikuwa nikijifunga jikoni kila siku, na jioni ile kilikuwa kiunoni. Nikakifungua, nikakikunja, nikaenda kukiweka juu ya shuka za pinki. Mdogo alitaka akipeleke kwenye beseni la nguo za kufua.

"Usiifue," dada yake akamwambia, akafunga kifuniko.